Kadi Inayofutwa Kila Ijumaa

Rafiki zangu, wengi wenu mmeniuliza kwa nini niliaga kwenda Mbita kwa siku mbili, kupeleka jibu la neno moja, nikarudi siku ya tatu kwa upande wa pili wa ghuba nikiwa nimekauka sauti. Nimewajibu vipande vipande, nje ya kanisa na kwenye simu, na sasa nasikia hadithi yangu ikirudi kwangu ikiwa na fahali wawili na ajali ya feri. Fahali alikuwa mmoja, na ajali haikuwapo. Naandika mara moja ili tusomane vizuri.

Kisumu hadi Ndori

Nianze na lile neno moja. Awuor, binti wa kaka yangu, anafundisha shule ya msingi Mbita, na huko amepata mchumba, Omondi, fundi wa injini za mashua. Kaka yangu yuko kazini Turkana, kwa hiyo mazungumzo ya ndoa yaliniangukia mimi, shangazi wa binti. Kwa Kijaluo, waya wake. Yalikwenda vizuri mpaka wazee wa Omondi walipouliza ukoo wetu, kama ilivyo desturi, nasi tukamtaja mama mzazi wa babu yangu: Akumu Nyar Loka, yaani Akumu binti wa ng'ambo.

Wazee wakatazamana. Dada wa babu yao mmoja aliitwa Akumu. Naye aliolewa kwetu Asembo, na tangu hapo hawakuwa na habari zake. Kama Akumu wao ndiye Akumu wetu, basi Awuor na Omondi ni damu moja, na harusi haipo.

Sasa, mtu akisimama Asembo ana ng'ambo mbili. Kusini kuna ziwa, na ng'ambo yake ndiko Mbita kwenyewe, kwa akina Omondi. Kaskazini kuna Mto Yala, na ng'ambo yake ni Alego, ambako Omondi hana ndugu hata mmoja. Swali la wazee likawa fupi: Akumu wenu ni wa ng'ambo ya maji gani? Walitupa mpaka Jumamosi.

Duniani amebaki mtu mmoja aliyemwona Akumu kwa macho yake: Waya Dorsila, dada wa marehemu baba yangu, ambaye amekaribia miaka tisini na anaishi kwangu Milimani. Nilimuuliza Jumatatu, akasema mto. Jumanne akasema ziwa, kwa uhakika uleule. Jumatano aliniuliza mimi ni binti wa nani, na nilipomwambia alifurahi sana, akaniuliza baba hajambo.

Kinachoniuma, na lazima nikiseme, ni kwamba mwaka mmoja uliopita Waya alinisimulia habari yote ya Akumu, mwanzo hadi mwisho, ndani ya gari, tukielekea mazishini Luanda Kotieno. Akili yake wakati ule ilikuwa nzima. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikisahihisha karatasi za kidato cha tatu. Somo ninalofundisha ni Historia.

Mpango wangu, kama unastahili kuitwa hivyo, ulikuwa kumpitisha Waya kwenye barabara ileile, nikitumaini kwamba vilima na miti vitamkumbusha. Ijumaa asubuhi nilitoka nje nikamkuta Mzee Ouko, dereva wangu, akirudisha kadi ya kumbukumbu kwenye kamera ya gari na kukunja kitambaa chake cheupe. Mzee Ouko anatoka Manyatta. Aliendesha malori miaka thelathini, na gari langu dogo hulitunza kama mtu anayetunza kuku mmoja baada ya kuuza ng'ombe wote. Kamera hiyo, iliyo kwenye kioo cha mbele, niliinunua miaka miwili iliyopita. Hurekodi barabara na sauti zilizo ndani ya gari, na kadi ikikaribia kujaa, hurudi mwanzo na kuandika juu ya yale ya zamani. Muuzaji alinishauri kadi isafishwe mara kwa mara ili isichoke, nami nikampa Mzee Ouko agizo: kila Ijumaa, ifute.

Ndiyo maana kamera hiyo sikuitegemea hata kidogo. Tangu safari ya mazishi zilikuwa zimepita Ijumaa zaidi ya hamsini.

Tulipita Kisian na Akala bila tukio. Waya alikaa mbele, akisoma kwa sauti kila kibao cha duka na kuuliza kama mwenye duka ameoa. Tulipofika Ndori, pale njia panda ambapo barabara moja hukata kushoto kwenda Luanda Kotieno na nyingine huendelea Bondo, tulisimama kununua ndizi. Mzee Ouko alizima injini, akaiwasha tena, na kamera ikazungumza. Ina sauti ya mwanamke, Kiingereza chake ni cha mtu asiye na haraka. Ilisema kwamba kadi imejaa.

Ndori hadi Bondo, nje ya njia

Kama si ndizi ningeipuuza. Lakini nilikuwa nimeketi nikimenya, sina la kufanya, na swali likanitoka lenyewe: kadi iliyofutwa leo asubuhi imejaaje?

"Inasemanga hivyo tangu Pasaka," Mzee Ouko akanijibu. "Ikisema imejaa, mimi naongeza kufuta."

Nikamwuliza huwa anaifuta vipi.

Alitoa kitambaa mfukoni, akakikunjua juu ya paja. "Natoa. Nafuta mbele, nafuta nyuma. Napuliza hapa kwa hizi meno yake ya dhahabu. Narudisha. Sijakosa Ijumaa hata moja, Madam. Hata ile wiki nilikuwa na malaria nilituma bibi yangu akuje afute."

Sikucheka wakati huo. Nilibaki na ndizi mkononi. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, nimewasahihisha watoto wa watu kwa kutotaja mambo waziwazi, nami nilikuwa nimetoa agizo lenye maana mbili kisha nikaenda zangu. Kufuta alikuwa amefuta. Kadi yangu ilikuwa kadi safi kuliko zote katika jimbo la ziwa, na ndani yake hakuna kilichowahi kuondolewa na mkono wa mtu.

"Na hukufikiri imejaa nini, Mzee?"

"Vumbi," akasema. "Barabara zetu unazijua."

Kisha akainua kidole kuelekea kioo cha kamera, ambapo maneno mawili yalikuwa yakiwakawaka. "Saa hii inauliza kama ifanye fomati. Nikubali ndio inyamaze?"

Fomati ingefuta kila kitu kilichomo. Nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Ndizi ilianguka. Waya akatutazama, akamwambia Mzee Ouko kwa upole kwamba mwanamke akishika mkono namna hiyo ni vizuri akubaliwe tu.

Tuliichomoa kadi, nikaifunga katika leso, na badala ya kukata kushoto tukaendelea Bondo kutafuta fundi.

Duka tulilolipata limejaa simu zilizopasuka vioo. Mwenyewe, Bwana Abdalla, ni mtu wa makamo mwenye kofia ya kufumwa na Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa amehamia kutoka Mumias majuma machache nyuma na Kijaluo bado hakijamwingia. Haraka zangu hazikumsaidia. Nilimwambia nina kadi ya kamera na nahitaji sauti ya Waya iliyo ndani yake, kabla ya feri ya mwisho.

Akaniletea nyaya tatu. Akaeleza kwamba hii ni ya spika, hii ya redio ya gari, na hii inaingia kwenye simu.

Nikasema sitaki waya, namtaka Waya.

"Mama," akasema kwa subira, "hizi zote ni waya."

"Waya ni shangazi yangu. Yuko kwenye gari, pale nje."

Bwana Abdalla aliinama akachungulia. Waya Dorsila alimpungia mkono kama malkia. "Sasa kama shangazi mwenyewe yupo," akauliza, "kwa nini unaitafuta sauti yake kwenye kadi?"

Nilimweleza, na kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Aliiweka kadi kwenye kompyuta yake kwa ncha za vidole. Akasema kadi hii ni mzee: iliundwa kwa ajili ya simu, nayo imeandikiwa juu mchana kutwa kwa miaka miwili, kwenye joto la kioo cha gari. Akaniambia maneno ambayo ningependa kila mwenye kamera ayasikie: kwamba kadi za kazi hii zipo, zimetengenezwa zivumilie, na mtu asiokote yoyote, kwamba unachokithamini ukihamishe mahali pengine kwanza, kisha ufomati kadi ndani ya kamera yenyewe, kila mwezi, na kwamba gari likae kivulini inapowezekana. Mzee Ouko alisimama nyuma yangu akisikiliza, kitambaa mkononi, na uso wake ukawa unashuka kidogo kidogo.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa naosha nje tu," akasema.

"Mzee, mshukuru Mungu," akajibu Bwana Abdalla bila kugeuka. "Ungeifuta kwa kidole, kwenye kitufe, mama huyu asingepata kitu."

Alitufungulia folda mbili. Ya kwanza ilikuwa na siku chache za kabla ya Pasaka. Huko kamera ilikuwa imeandika juu ya yote ya nyuma yake. Ya pili ilikuwa ya dharura. Gari likitikisika sana, akaeleza, kamera hudhani ni ajali, na dakika hiyo huifungia ili isiandikwe juu. Nyingi zikijaa, kadi haina nafasi tena, ndipo inapolalamika. Kwetu hapakuwa na ajali. Palikuwa na mashimo. Kila shimo tulilowahi kulipiga kwa miaka miwili lilikuwa limehifadhiwa pale, na tarehe yake.

Siku ya mazishi tulipita Ndori hadi Luanda Kotieno wakati vipande kadhaa vya barabara vilikuwa vimechimbwa kwa matengenezo. Bwana Abdalla alihesabu: dakika kumi na moja.

Alizihamisha kwenye simu yangu, akaniuzia kadi mpya ya kufaa, akaigusa ile ya zamani. "Hii usiirudishe kazini. Ipumzike."

Bondo hadi Luanda Kotieno

Tulirudi Ndori mbio, tukakata kuelekea ziwani. Barabara siku hizi ni laini, na Mzee Ouko aliisifu kwa huzuni: angalau hii haitatunza kitu. Nilipotaka kusikiliza mle garini, Waya alikuwa amelala, na sikutaka kumsikiliza bila yeye mwenyewe kuwapo.

Tulifika Luanda Kotieno mapema kuliko nilivyohofia, tukakuta feri imesimama, watu wamesimama, na kwenye daraja la kupandia amesimama fahali mweusi. Mwenyewe alikuwa amemnunua mnadani na alikuwa akimpeleka Mbita. Fahali alikuwa ameweka miguu ya mbele kwenye chuma, akakisikia kikilia, akaamua hapana. Wanaume sita walisukuma. Mmoja alimshauri mwenye fahali amwimbie. Mwingine akamwuliza kama amemlipia tiketi, pengine anaona aibu. Nahodha alitoka, akatazama saa, akarudi ndani.

Kina mama wa ufuoni walikuwa wakikaanga samaki. Tulikula ngege na ugali wa mtama kwenye benchi, kwa mikono, na Waya alimaliza kichwa cha samaki kwa ustadi ambao umri haujaugusa. Aliponawa, nikaweka simu mezani nikamwambia: Waya, sikiliza.

Sauti yake ilitoka. Kwa Kijaluo, kavu, yenye nguvu kuliko ya sasa, ikitanguliwa na kishindo cha shimo.

"...walimpenda kwa sababu ya miguu yake. Mirefu. Wakasema maji hayatamsumbua huyu..."

Dakika ikaisha. Ya pili ilikuwa Mzee Ouko akiomba radhi kwa gari. Ya tatu nawaandikia jinsi ilivyo, kwa sababu nimeisikiliza mara nyingi kuliko nyingine zote.

"Unanisikiliza?" Waya anauliza.

"Ndiyo, Waya." Hiyo ni sauti yangu. Karatasi inageuzwa.

"Nimekuuliza umekula nini asubuhi."

"Ndiyo, Waya. Mm."

Kisha Waya wa kwenye simu anamwambia Mzee Ouko kwamba basi atamsimulia yeye.

Mzee Ouko alitazama ziwa kwa heshima. Waya, aliye hai, pembeni yangu, alikuwa amekunja uso. "Huyu mwanamke anaongea sana," akasema. "Ni nani?"

Tuliendelea. Dakika ya saba ilianza vizuri hivi kwamba niliinamia simu: "Na maji yenyewe aliyovuka, jina lake ni..." Ikaisha hapo. Dakika ya nane ilikuwa mbali mbele, baada ya kipande kizuri cha lami. Lile jina, mto au ziwa, lilikuwa limetamkwa wazi mahali ambapo barabara ilikuwa nzuri, na kamera ikaona hapakuwa na sababu ya kulitunza.

Dakika ya nane ilisema hivi:

"...katikati ya maji ndipo wakakutana. Ng'ombe wa mahari yake wanaswagwa kwenda kwao, yeye anakuja kwetu. Ng'ombe mmoja mwekundu akamtazama Akumu usoni, akageuka. Wakampiga, akakataa. Akamfuata nyuma, mkia juu, mpaka hapa nyumbani. Kwao wakatuma watu, wakasema mahari haijatimia..."

Zilizobaki zilikuwa habari za mazishi na bei ya mahindi. Nilizima simu. Nilikuwa nimepata kila kitu kuhusu Akumu, miguu yake, ng'ombe wake, kila kitu isipokuwa neno nililotumwa. Nikamgeukia Waya nikamwuliza, karibu kwa kuomba: maji gani? Akanipapasa mkono. Akasema samaki alikuwa mzuri.

Wakati huo fahali alipanda. Hakuna aliyemsukuma, alichoka tu kutazamwa, akatembea hadi ndani kama abiria wa kila siku. Watu walipiga makofi.

Kuvuka

Ziwa lilikuwa tulivu, rangi ya chai ya maziwa karibu na ufuo kisha buluu. Nilisimama kwenye ukingo nikijiandaa kwa aibu ya kesho. Nilimwazia Awuor, ambaye alikuwa amenipigia simu mara mbili akiniita Waya na kuuliza kama nimelipata jibu, na nilikuwa nimemwambia tuko njiani, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mzee Ouko alikuja akasimama kando yangu. Vibanda vya Mbita vikaanza kuonekana. Kisha akasema kwamba yeye hadithi ile aliisikia yote siku ile, maana ndiye aliyekuwa akisimuliwa. Nikamgeukia. Lakini, akaongeza, sehemu ya lami alikuwa akifurahia lami.

"Nilikuwa nimepata gia ya tano, Madam," akasema. "Nisamehe."

Nilimwambia tumesameheana.

Mbita

Jumamosi asubuhi tuliketi nyumbani kwa akina Omondi, viti vya plastiki vimepangwa kwenye kivuli cha nyumba, ziwa likionekana kati ya mabanda ya kuku. Awuor alikuwa ndani na wanawake, nilimwona dirishani. Omondi alikuwa amekaa mwisho wa safu, mikono juu ya magoti, mafuta ya injini yamebaki kwenye kucha ingawa ilionekana amezisugua. Mkubwa wao ni Mzee Okech, mvuvi aliyestaafu. Akumu aliyepotea alikuwa dada wa babu yake.

Niliamua kusema kweli. Niliwaambia mambo yote: karatasi za kidato cha tatu, kitambaa, mashimo. Nilipofika kwenye kitambaa, mjomba mmoja wa Omondi aliondoka akaenda kucheka nyuma ya choo, tukamsikia. Nikawaambia jina la maji limepotea, kilichopo ni hiki, nikacheza zile dakika.

Mzee Okech hasikii vizuri. Aliiweka simu sikioni kama mtu aliyepigiwa na mkwe. Dakika ya nane aliirudia, akairudia tena. Mara ya tatu akasema, "Zima."

Watu wote wakamsogelea wasikilize. Hata kuku, naapa.

"Huyo ng'ombe aligeukia wapi?" akauliza.

Nikasema katikati ya maji.

"Akamfuata akitembea?"

"Mkia juu, Mzee. Ndivyo alivyosema."

Mjomba, aliyekuwa amerudi na macho mekundu, aliona ni wajibu wake kusimama upande wa mashaka. Akasema ng'ombe huvuka ziwa hili kila wakati. Jana tu fahali ameshuka hapa kwa feri. Nilikuwa nimeliogopa neno hilo tangu Luanda Kotieno, maana fahali huyo nilivuka naye.

"Akumu alikuwa na feri?" Mzee Okech akamwuliza.

Mjomba akasema hapana.

"Alikuwa na mtumbwi. Ng'ombe akigeuka ndani ya mtumbwi, mnarudi nyumbani wangapi?" Akaigeukia safu nzima. "Mimi nimevua haya maji tangu meno yangu ya kwanza. Katikati ya haya maji ng'ombe hageuki. Katikati ya haya maji ng'ombe anazama. Huyo alikuwa anatembea. Miguu mirefu, maji hayamsumbui, ng'ombe nyuma, mkia juu. Hiyo ni mto. Huyo Akumu ni mwingine kabisa."

Nilikuwa nimeisikiliza dakika hiyo tangu jana, mimi na shahada yangu, nikitafuta jina, na sikuwa nimemtazama ng'ombe hata mara moja.

Mzee Okech hakuwa amemaliza. Alisogeza kiti chake mpaka mbele ya Waya Dorsila, ambaye muda wote alikuwa akitazama ziwa, akamwuliza kwa Kijaluo, kwa heshima ya mtu anayemwomba mkubwa wake maji ya kunywa: "Mama, yule mwekundu mwishowe walimrudisha?"

Waya akamtazama kana kwamba swali hilo limechelewa sana.

"Wamrudishe wapi? Alizaa kwetu. Maziwa ya mjukuu wake ndiyo nimekulia. Walipeleka mwingine, mweusi, naye hakupendwa na mtu."

Vigelegele vilianzia dirishani kabla wanaume hawajasema lolote rasmi. Omondi alibaki ameketi, akajifuta uso kwa mikono yake yote miwili. Mjomba ndiye aliyekuja kunishika mkono kwanza, akaniomba nimtumie ile dakika ya tatu, ile ya "Ndiyo, Waya. Mm," amchezee mke wake ajue si yeye peke yake asiyesikilizwa. Nilikataa. Nimekuja kujua kwamba Awuor alichukua simu yangu akamtumia.

Sikurudi siku hiyo. Kulikuwa na samaki, kulikuwa na kuku wawili waliotusikiliza asubuhi, na kulikuwa na kuimba, na hapo ndipo sauti yangu ilipobaki.

Kurudi kwa upande wa pili

Jumapili Mzee Ouko aliomba tuzunguke ghuba kupitia Homa Bay na Kendu Bay, ambako lami haina kasoro, ili kadi mpya ianze maisha kwa amani. Awuor alitusindikiza mpaka garini. Aliinama dirishani akaniuliza taratibu: Waya, hiyo habari ya ng'ombe inaanzaje hasa? Nikamwambia nitamsimulia. Nilipokuwa nikisema hivyo niligundua kwamba jina analoniita ndilo jina ninalomwita Dorsila, na kwamba siku moja kutakuwa na wazee wengine, na viti vingine.

Kwa hiyo nilianza kujizoeza njiani. Karibu na Kendu Bay, Waya aliniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia: posa ya Awuor. Akauliza mchumba ni wa wapi, nikamjibu, akauliza kama ukoo umechunguzwa. Basi nikamsimulia hadithi yake mwenyewe, tangu miguu mirefu, bila haraka na bila karatasi mapajani. Alisikiliza kama mtoto. Alicheka ng'ombe alipogeuka. Nilipofika kwenye mkia juu nikamalizia, kwa fahari ya mtu aliyepewa jibu na wazee, kwamba ndivyo Akumu alivyovuka Mto Yala.

"Yala, ndiyo," akasema Waya. "Si nilikuambia mwaka jana? Ulikuwa na karatasi zako."

Mzee Ouko alisogea kando ya barabara akasimamisha gari, kwa sababu alikuwa haoni vizuri kwa kucheka, na mimi pia. Waya alitungoja. Aliona kibao cha duka ng'ambo ya barabara, akakisoma, akauliza kama mwenye duka ameoa.

Ile kadi ya zamani iko katika kopo la majani ya chai juu ya kabati langu, na dakika kumi na moja nimezihifadhi mahali patatu. Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Mzee Ouko alibisha mlango wa jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa na kitambaa chake, kimefuliwa, kimepigwa pasi.

"Madam," akasema, "leo ni Ijumaa. Kufuta ya kidole ama kufuta ya kitambaa?"

Nilimwambia ile ya kwenye gari ni ya kidole, na si leo, ni mwisho wa mwezi. Kisha nikalishusha lile kopo, nikalifungua, nikamkabidhi ile ya kitambaa.